Mkoba Kitandani kwa Immaculate

Wawira Nyaga alikuwa mtu wa kusoma maagizo. Kifaa chochote kikiingia nyumbani kwake Katy, mji ulio pembeni mwa Houston, Texas, iwe mashine ya kusaga juisi au meza ya kuunganisha kwa skrubu, alikaa nacho na kijitabu chake mpaka ukurasa wa mwisho, na hata ile sehemu ya Kihispania aliipitisha macho. Hospitalini, ambako alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka kumi na sita, wauguzi wachanga walimwogopa kwa sababu hiyohiyo. Hakuna dawa iliyotoka mkononi mwake kabla hajasoma jina la mgonjwa mara mbili, na kosa la mwenzake aliliona hata akiwa upande wa pili wa wodi. Wala hakulinyamazia.

"Andika fomu," alikuwa akisema.

"Lakini mtoto hajadhurika, Wawira. Nimeligundua mapema."

"Andika tu."

Watu wa namna hiyo wanahitajika, tukubali. Wanachosha, lakini ukilazwa hospitalini utaomba wakuhudumie wao. Taabu yao huanza siku wanapokosea wao wenyewe, maana hawajazoea. Wawira alikuwa hajazoea kabisa.

Bastola aliinunua kwa sababu ya mlango wa gari. Asubuhi moja alitoka zamu ya usiku, akaingia garini kwenye maegesho ya hospitali, na kabla hajafunga mlango mtu akaushika kutoka nje, akauvuta. Waliuvuta huku na huku kwa sekunde chache, kisha yule mtu akaachilia na kwenda zake taratibu, kana kwamba amekosea gari. Wawira alikaa pale nusu saa nzima hawezi kuingiza ufunguo. Wiki iliyofuata alimwambia mumewe kwamba anataka bastola.

Nyaga alikuwa mtu mpole, karani wa kampuni ya bima, na alikuwa anakata sukuma wiki. "Bunduki kwa nyumba ya watu wa Embu?" akauliza. "Sisi kwetu tukiona askari na bunduki tunavuka barabara."

"Nitaenda class. Nitapata leseni."

"Texas siku hizi hata leseni hawaulizi."

Hilo lilikuwa kweli. Sheria ilikuwa imelegezwa, na mtu mzima asiye na kizuizi aliweza kubeba bastola bila karatasi yoyote. Lakini Wawira kubeba kitu bila karatasi? Afadhali atembee pekupeku wodini. Akajiandikisha.

Darasa lilikuwa siku ya Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha duka moja la silaha kando ya barabara kuu iendayo Houston. Mwalimu alikuwa mzee aitwaye Sheldon, polisi mstaafu mwenye kifaa cha kusaidia kusikia katika sikio la kushoto. Aliandika ubaoni mambo manne ambayo sheria ya jimbo inamtaka kila mwombaji afundishwe: sheria yenyewe, namna ya kushika na kubeba silaha kwa usalama, namna ya kumaliza ugomvi bila silaha, na namna ya kuihifadhi ili mtoto asiumie. Kisha akaanza na lile la nne. Watu wakichoka hawasikii, alisema, na hili ndilo nataka mlisikie.

Akaweka kalamu chini. Mkoba si mahali pa kuhifadhi bastola, akawaambia. Bastola ikiwa mkobani, mkoba huo hautoki mwilini mwako hata kwa dakika moja, kwa sababu kwa mtoto mkoba ni mahali pa kutafuta switi. Wawira alikuwa na kalamu za rangi nne. Maneno hayo aliyaandika kwa nyekundu, akayapigia mstari chini.

Mtihani wa kuandika aliupata wote. Baada ya chakula cha mchana wakaenda kwenye uwanja wa shabaha, kila mtu risasi hamsini: yadi tatu, yadi saba, yadi kumi na tano. Alama za juu kabisa ni mia mbili na hamsini, na mia moja sabini na tano zinatosha kufaulu. Wawira alipata mia mbili arobaini na moja. Mzee Sheldon aliitazama ile karatasi yenye matundu, akamtazama na yeye, akainua vidole gumba viwili. Alama za vidole zikachukuliwa, maombi yakatumwa, na baada ya wiki kadhaa kadi ikaja kwa posta. Aliipiga picha akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama Wakenya wa Houston. Maneno ya pongezi yalimiminika siku nzima. Everline, aliyekuwa mwanachama mdogo kuliko wote na mwenye mtoto mchanga, aliandika kwamba Mama Lenny, kama walivyomwita Wawira kwa jina la mwanawe, sasa hashikiki.

Immaculate ndiye aliyeandika lililo na maana. "Mama Lenny, mkutano ujao uko kwangu. Kuja utufundishe hiyo process yote. Huku kwetu ndio tunahitaji."

Huku kwetu maana yake Sharpstown, majumba ya kupanga upande wa kusini-magharibi mwa Houston, ambako Immaculate aliishi na mumewe na binti yao wa miaka minne. Binti huyo aliitwa Shiru, jina la mama mzazi wa baba yake, kwa hiyo watu wazima wote walimtania kwa kumwita Cucu, yaani bibi, naye aliitika kwa heshima zote za bibi. Immaculate alikuwa akiwatunza wazee majumbani mwao. Wawira na yeye walifahamiana tangu wakiwa wote wasaidizi wa wauguzi, wakivaa sare za aina moja na kula chakula kutoka bakuli moja. Kisha mmoja akahamia Katy.

Siku ya mkutano Wawira alivaa gauni la kitenge lililomkaa sawasawa. Bastola ilikuwa na ala yake ya kiunoni, lakini chini ya gauni lile ingetuna, na mwanamke hajashona kitenge ili aonekane ana uvimbe ubavuni. Akaitia mkobani. Garini alikuwa na kisanduku cha chuma chenye kufuli, alichokitumia akiwa kazini kwa sababu hospitali hairuhusu silaha ndani. Angeweza kuiacha humo. Lakini alipoegesha alitazama magari ya pale, moja kioo chake kimezibwa kwa karatasi ya nailoni, akawaza kwamba hapa gari linaweza kuvunjwa. Aliwaza hivyo kuhusu mtaa wa rafiki yake, akashuka na mkoba.

Sasa, kwa Wakenya, mgeni wa kike akiingia, mwenyeji humpokea mkoba mlangoni. Hamwombi, anampokea. Mkoba unapelekwa chumbani, unawekwa juu ya kitanda pamoja na mikoba mingine na majaketi, na mara nyingi pamoja na watoto waliolala. Mgeni anayeng'ang'ania mkoba wake anasema mambo mawili bila kufungua mdomo: kwamba hakai, au kwamba anaogopa kuibiwa.

"Karibu, karibu, Mama Lenny," Immaculate alisema, na mkono wake tayari uko kwenye mkanda wa mkoba. "Lete nikuwekee kwa bedroom."

Wawira alishika mkanda. Alishika kwa sekunde moja, labda mbili. Akaona uso wa Immaculate ukibadilika kidogo, kidogo sana, na akajua kinachowazwa: watu wa Katy. Akaachilia.

"Asante, Mama Shiru," akasema.

Akajiambia ataufuata baada ya salamu. Lakini salamu zikaleta chai, chai ikaleta mandazi, kisha akasimamishwa mbele ya akina mama kumi na wawili, na Wawira akisimamishwa mbele ya watu husahau mengine. Alieleza vizuri, hilo hakuna aliyelikana. Alieleza nani anaruhusiwa, umri wa miaka ishirini na moja, wenye green card pia, alama za vidole, saa za darasa, risasi hamsini. Akawachekesha kwa kuigiza alivyoruka risasi ya kwanza ilipolia. Akafika kwenye mambo manne, na la nne akalisema kwa sauti ya mzee Sheldon, kidole juu. Kumwachia mtoto silaha mahali anapoifikia, alisema, ni kosa la jinai, hata isipolia.

"Hebu tuone hiyo kadi yenyewe," mmoja akasema.

"Iko kwa mkoba," Wawira akajibu, na maneno hayo yalipomtoka mdomoni miguu ikaanza kwenda yenyewe.

Mlango wa chumbani ulikuwa umerudishwa tu. Shiru alikuwa amekaa kitandani katikati ya mikoba. Upande wa ukutani mtoto mchanga wa Everline alikuwa amelala chali, ngumi zake zikiwa masikioni. Mkoba wa Wawira ulikuwa wazi, vitu vimepangwa kwa mstari juu ya shuka: kalamu nne, mafuta ya midomo, pakiti ya switi za minti. Na mapajani mwa Shiru kulikuwa na leso iliyokunjwa kama nguo ya mtoto mchanga, na ndani ya leso bastola, mtutu umeelekea ukutani. Risasi moja ilikuwa tayari ndani ya mtutu, kama Wawira mwenyewe alivyoiweka. Shiru alikuwa akiipigapiga mgongoni, polepole.

"Shh, Auntie," akasema. "Baby is sleeping."

Wawira hakupiga kelele. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka kiganja chake kati ya mtutu na kichwa cha mtoto mchanga, na kwa mkono mwingine akaitwaa ile leso kutoka mapajani, pamoja na kilichomo. Aliondoa risasi zote. Mikono ilikuwa imetulia kabisa, kama ya muuguzi.

Pengine hapo ndipo angeita. Jina moja tu, Mama Shiru njoo, na yote yangekwisha siku hiyohiyo, kwa kilio na lawama, lakini yangekwisha. Sebuleni walikuwa wanamcheka mtu. Wawira akachukua switi moja ya minti kutoka kwenye pakiti yake, akaiweka mkononi mwa Shiru.

"Hii ni siri yetu, Cucu, sawa? Usiambie mummy."

Shiru aliitazama switi, akamtazama Wawira. Alikuwa na macho makubwa ya kuuliza.

Wawira akarudi sebuleni na kadi mkononi na mkoba begani, akaizungusha kadi ili kila mtu aione. Akamalizia somo. Everline akaenda kumwangalia mtoto, akarudi akisema bado amelala, malaika huyu, na Wawira akacheka pamoja na wengine. Watatu walisema watajiandikisha, wa kwanza wao Immaculate.

Njiani kurudi Katy alisimama kituo cha mafuta, akaifungia bastola ndani ya kisanduku cha chuma.

Aibu ya Wawira haikuwa ya bastola peke yake. Ya bastola angeweza kuiita ajali, bahati mbaya, kusahau. Lakini ile switi hakuisahau wala haikuwa ajali. Mwaka uliopita yeye mwenyewe alialikwa kanisani kuzungumza na watoto wa Sunday school, na aliwafundisha kwa wimbo wa kupiga makofi kwamba mtu mzima akikuambia usimwambie mama, wewe kimbia ukamwambie mama. Shiru alikuwa amekaa mstari wa mbele. Wawira alijua hivyo alipokuwa akifungua pakiti.

Jumatatu muuguzi mmoja mchanga wa wodini alimjia. Alikuwa amevuta dawa kwenye sindano kupita kipimo, akaligundua kosa kabla hajamdunga mtoto. Je, aandike fomu? "Uamue mwenyewe," Wawira akasema, akaenda kujifungia chooni mpaka macho yalipokauka.

Bastola aliirudisha dukani siku ya tatu, ikanunuliwa. Siku ya nne alimwambia Nyaga. Alimwambia jikoni, akiwa amesimama, yote bila kupunguza. Nyaga aliacha kukata nyanya.

"Ulimpea switi?"

"Ndiyo."

"Na mamake anajua?"

"Sijamwambia."

Nyaga akaendelea kukata nyanya. Wawira angependa agombe, avunje hata sahani. Alikata nyanya zote, akaosha kisu, akakipangusa.

Aliandika ujumbe kwa Immaculate mara nyingi, akaufuta mara hizohizo. Alipiga simu, ikaita mara moja, akaikata. Akatuma ujumbe kwamba amebonyeza kwa makosa. Wiki ya pili Immaculate ndiye aliyepiga.

"Mama Lenny, ile class ni Saturday hii. Gari yangu iko kwa fundi. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka," Wawira akasema haraka, akijua kwamba Mungu amempa dakika arobaini za garini.

Dakika arobaini hizo alizitumia kuzungumzia mvua. Alizungumzia mvua, akazungumzia kwaya, akaeleza kwa nini barabara ile ina ujenzi usiokwisha. Immaculate aliitikia kila jambo kwa neno moja, mkoba wake mapajani, akitazama mbele. Walipofika Immaculate akaingia ndani, na Wawira akabaki garini, akiwa na hasira na nafsi yake kiasi cha kupiga usukani kwa kiganja. Darasa huchukua muda wa saa nne hadi sita, kisha shabaha. Akajiambia, akitoka, kabla hajafunga mkanda, namwambia.

Immaculate alitoka baada ya saa moja na nusu.

"Umeugua?" Wawira akauliza.

"Hapana. Nimemaliza." Aliingia, akafunga mlango, hakufunga mkanda. "Twende."

"Lakini hujafanya mtihani. Hata shabaha—"

"Nimesema nimemaliza."

Wawira aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Gari lilikuwa halijawashwa. "Mama Shiru, kuna kitu nilikufanyia," akasema. "Siku ya mkutano. Bastola ilikuwa kwa mkoba. Shiru aliitoa. Niliikuta mapajani mwake, ikiwa na risasi, imeelekea kwa mtoto wa Everline. Nikamwambia asikuambie."

Immaculate alitia mkono mfukoni, akatoa switi ya minti, karatasi yake haijafunguliwa, akaiweka juu ya dashibodi.

"Aliniambia jioni ileile," akasema. "Hakukula. Alisema Auntie amesema ni siri, lakini Auntie mwenyewe ndiye alitufundisha hapo church, siri kama hiyo hatuwekangi."

Wawira akainama mpaka paji la uso likagusa usukani. "Wiki mbili ulijua."

"Wiki mbili nilingoja simu yako."

"Si ungenipigia, unitukane?"

"Nikuambie nini? Wewe ndiye ulikuwa na kitu ya kusema."

Watu walikuwa wakitoka dukani na mifuko, wakiingia magarini. Wawira aliuliza, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri, kwa nini basi alitaka kuja darasani.

"Nilitaka nisikie na maskio yangu," Immaculate alisema. "Nilijiambia pengine hawakumfundisha. Pengine hiyo class ni ya risasi tu, mambo ya watoto haiko. Ingekuwa hivyo ningekusamehe hapohapo, tucheke, yaishe." Alifunga mkanda sasa. "Mzee ameanza na hiyo. Amesema juu ya mkoba. Amesema hata juu ya switi."

"Niliandika," Wawira akasema. "Kwa kalamu nyekundu." Hakujua kwa nini anasema hivyo. Hakikuwa kitu cha kujitetea nacho, kilikuwa kinazidisha kosa tu, lakini alitaka rafiki yake akijue. "Bastola nimeirudisha. Nisamehe."

"Sijasema sitakusamehe. Nimesema nilitaka iwe rahisi." Akaongeza, "Everline utamwambia wewe. Leo."

"Leo."

Wawira akawasha gari, wakaondoka. Switi ilikuwa ikiteleza juu ya dashibodi kila kona, na hakuna aliyeigusa.

Sharpstown, Wawira aliegesha bila kuzima gari, akingoja Immaculate ashuke. Immaculate alishuka, akazunguka mpaka dirishani kwake. "Ingia unywe chai," akasema. "Umeniendesha mbali."

Haikuwezekana kukataa. Wakapanda ngazi. Mlango ulipofunguliwa, Shiru aliinuka mbele ya televisheni, akaja mbio, kisha akapunguza mwendo, akasimama nyuma ya mama yake akimtazama Wawira kwa macho yaleyale.

"Karibu, Mama Lenny," Immaculate alisema, akanyoosha mkono. "Lete mkoba nikuwekee."

Wawira akampa.

Immaculate hakwenda nao chumbani. Aliuweka mezani, palepale mbele ya mgeni na mbele ya mtoto, akafungua zipu. Alitoa kalamu, akatoa mafuta ya midomo, akatia mkono katika mfuko wa kando, na katika mfuko wa ndani, akapapasa hadi pembeni. Katika miaka yake yote, Kenya na Marekani, Wawira alikuwa hajawahi kuona mwenyeji akifungua mkoba wa mgeni. Alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi, akangoja, kama ilivyomlazimu. Immaculate alirudisha kila kitu ndani, akafunga zipu, akampa Shiru aubebe.

"Peleka kwa kitanda, Cucu," akasema, akaenda kuteleka chai.